Kifaru Tunamchora, Mlinzi Wake Je?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea hebu tia mkono mfukoni utoe sarafu ya shilingi tano. Kama huna, muombe jirani yako, lakini umrudishie. Igeuze uitazame vizuri. Upande mmoja utamwona kifaru. Sarafu hizi zilitolewa mwezi wa Disemba mwaka wa 2018, na tangu hapo twiga yuko kwenye shilingi moja, kifaru kwenye shilingi tano, simba kwenye shilingi kumi na ndovu kwenye shilingi ishirini. Hapo zamani palikuwa na sura za marais. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa za nchi, basi wanyama wakapewa nafasi ile.

Mimi sina ugomvi na Katiba. Sarafu ni sarafu. Lakini kila ninapompa utingo wa matatu shilingi tano zangu, huwa najiuliza swali moja ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Mbona kila mahali tunapomchora kifaru, yule mtu anayemfanya aendelee kuishi hayumo pichani? Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Maoni yangu ni kwamba sanaa ya wanyama wa pori katika nchi hii haijampa mlinzi wa kifaru haki yake, na kwamba sisi wanafunzi tunaweza kuanza kulipa deni hilo hapa hapa shuleni bila kungoja serikali.

Nianze na ninayoyaona kwa macho yangu. Sisi wa shule ya kutwa tunatembea sana, na atembeaye huona mengi. Anayeijua Nanyuki anavijua vile vibanda vya kuuzia sanamu karibu na bango la ikweta, ambapo watalii hushuka garini wapigwe picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Ingia kibanda chochote. Utawakuta vifaru wa mti, vifaru wa mawe ya Kisii, vifaru wadogo wa kutundikia funguo, vifaru wakubwa ambao huwezi kuwainua peke yako. Utakuta pia ndovu, twiga, viboko, na Mmaasai amesimama kwa mguu mmoja akiegemea mkuki wake. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja anayechonga pale kama amewahi kumchonga askari wa wanyama. Alicheka. Akaniambia, "Kijana, hiyo nani atanunua?"

Simlaumu mzee yule. Anachonga kinachouzika, na watoto wake wanakula. Uchongaji huu wenyewe una historia ya kuheshimiwa. Inasimuliwa kwamba mzee Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Ukambani, aliuona ustadi wa Wamakonde akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, na mpaka leo Wakamba wanasifika kwa kuchonga. Wenzetu wa Tabaka nao wanayachonga mawe yao laini yakasafiri hadi Ulaya na Marekani. Kwa hivyo mikono ya kazi tunayo. Tatizo ni kwamba macho yetu yamezoea kumwona mnyama peke yake, kana kwamba anaishi kwa bahati tu.

Na hapo ndipo napenda msomaji asimame kidogo tufikirie, maana haishi kwa bahati. Mnamo mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini walikuwa wamebaki chini ya 400. Ishirini elfu kuwa mia nne! Chukua shule ya wanafunzi elfu moja, uirudie baada ya miaka ishirini ukute wamebaki ishirini tu, hata darasa moja hawajazi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1988 majangili waliingia katika Mbuga ya Meru wakawapiga risasi vifaru weupe watano ambao walikuwa wakilindwa usiku na mchana. Meru si mbali na kwetu, ni upande wa pili wa mlima.

Waliuawa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya pembe, ambayo imeumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha zako na nywele zako. Nyingine zilipelekwa nchi za Mashariki ya Mbali zikasagwa kuwa dawa. Nyingine, hasa katika miaka ya sabini na themanini, zilipelekwa Yemen, zikachongwa zikawa mipini ya majambia. Na jambia la mpini wa kifaru lilikuwa pambo, fahari ya mwanamume kiunoni. Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Pembe ile ilikwenda kwa fundi, na fundi alikuwa msanii hodari, naye alifanya kazi ya kupendeza. Basi sanaa pia imekula nyama ya kifaru. Sisi tunaochora na kuchonga hatuwezi kujifanya watu wa kando katika kesi hii. Tuna deni, kwanza kwa mnyama, na pili kwa wale waliosimama katikati yake na bunduki ya jangili.

Waliosimama walisimama kweli. Leo vifaru weusi wa Kenya wamefika karibu 1000. Mwaka wa 2013 peke yake tulipoteza vifaru 59 kwa uwindaji haramu, lakini mwaka wa 2020 hakuuawa hata mmoja, na jambo hilo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka ishirini. Namba hizo ni rahisi kuzisoma, hata mtihani wa jiografia unaweza kuziuliza. Lakini nyuma ya kila namba kuna mtu aliyelala nje kwenye baridi ya Laikipia, na nani asiyeijua baridi yetu ya mwezi wa Julai?

Mmoja wao ni mjomba wangu, ndugu ya mama. Yeye ni askari wa vifaru katika hifadhi moja huku kwetu ambayo sitaitaja. Huja nyumbani siku chache kwa mwezi, na siku hizo analala sana. Mama hukataza redio isifunguliwe. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilimchorea picha ya kifaru kwa kalamu za rangi. Niliipenda picha ile kupita kiasi. Nilimweka kifaru chini ya mgunga anakula majani, na Mlima Kenya nyuma yake na theluji yote. Nilidhani mjomba atanisifu. Akaishika akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Ni kifaru, anko."

"Najua ni kifaru. Nauliza ni nani. Mbona masikio yake ni mazima? Huyu hana kipande!"

Nyumba nzima ilicheka, nami nikaona haya. Ndipo akanieleza. Kumbe kifaru akiwa mdogo daktari wa wanyama humlaza kwa dawa na kumkata alama ndogo masikioni, kila mmoja na alama zake, ili askari wajue huyu ni fulani na yule ni fulani hata akiwa mbali. Kila siku wanaandika ni nani ameonekana, wapi, na yuko na nani. Asipoonekana siku kadhaa watu huanza kumtafuta, iwe mvua iwe jua. Akaniambia pia kwamba nimechanganya mambo. Nilikuwa nimempa kifaru wangu mdomo mpana, ambao ni wa kifaru mweupe anayekula nyasi kama ng'ombe. Anayekula majani ya miti na vichaka ni kifaru mweusi, na mdomo wake wa juu umechongoka kama kidole. Akaniongezea kwamba mama mweupe humtanguliza mtoto wake mbele, lakini wa mweusi humfuata mama nyuma.

Siku hiyo nilijifunza kwamba mimi nilikuwa nimechora kifaru wa vibandani, na mjomba alikuwa na vifaru wenye majina. Nilijifunza jambo la pili ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Kila picha nzuri ya kifaru, iwe ya kamera au ya brashi, imewezekana kwa sababu kuna mtu kama mjomba aliyejua mnyama yuko wapi, amelalaje, na umsogelee kutoka upande gani wa upepo. Mtu huyo alimwongoza msanii mpaka pale, kisha akasogea kando asiharibu picha.

Naomba sasa nisimulie jambo gumu. Miaka miwili iliyopita mwenzake mjomba aliuawa na nyati alfajiri akifuata nyayo. Sitalitaja jina lake, maana msiba haujapoa. Tulikwenda mazishini na mama. Juu ya jeneza paliwekwa picha ya marehemu, na picha yenyewe ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka imeingia ukungu, huoni vizuri kama ni yeye au ni ndugu yake. Familia haikuwa na nyingine. Mtu huyu alifanya kazi miaka mingi mahali ambapo kila siku wageni hupiga picha tangu asubuhi mpaka jioni. Baada ya mazishi binti yake, ambaye ni rika langu, alimuuliza mjomba, "Wale wazungu wote, hakuna hata mmoja aliyempiga baba?"

Mjomba hakuwa na jibu. Njiani kurudi ndipo aliposema polepole, kama anayejisemea, kwamba wao wakiona kamera imeinuliwa husogea kando. Hakuna aliyewaamuru, wamezoea tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia picha zote za wanyama nikitafuta mtu. Hebu tuchukue mfano mkubwa unaojulikana dunia nzima. Mwezi wa Disemba mwaka wa 2009 vifaru wanne weupe wa kaskazini waliletwa Ol Pejeta hapa Laikipia kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi ya Cheki. Mmoja wao ni Sudan, ambaye mwishowe alibaki dume wa pekee wa jamii yake ulimwenguni. Alikufa tarehe 19 Machi 2018. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi lakini nakumbuka watu walivyozungumza. Sasa wamebaki majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu, na wanasayansi wanahangaika na mayai ya Fatu maabarani ili ukoo usiishe.

Siku chache kabla Sudan hajafa, wachongaji wawili wa Australia, Gillie na Marc, mume na mke, walikuwa wamesimamisha sanamu kubwa ya shaba nyeusi mjini New York. Inawaonyesha Sudan, Najin na Fatu wamebebana, mmoja juu ya mwingine. Ni kazi nzuri na ujumbe wake ni mzito, ila humo hamna mtu.

Lakini ipo picha moja ya kamera iliyopigwa na Ami Vitale, mama wa Kimarekani, ambayo huenda wengi wenu mmeiona. Sudan amelala chini, na kijana wa Kiafrika amevaa sare amemwinamia, kipaji cha uso wake kimegusa uso wa kifaru. Anamuaga. Ukiitazama picha hiyo koo hukaza. Mimi nilimjua kifaru kwa jina tangu mwanzo, lakini yule kijana nilimjua kama "mlinzi" tu. Ilibidi nisome mengi ndipo nikajua anaitwa Joseph Wachira. Wachira! Jina ambalo katika mji wetu ukiliita sokoni watageuka watu kumi. Dunia nzima ililia na kijana wa kwetu, na sisi majirani zake tulikuwa hatumjui. Nadhani picha hiyo ilitikisa watu kuliko sanamu zote kwa sababu mtu yumo ndani. Ukimwona kifaru peke yake unasema, "Maskini, mnyama." Ukimwona na mlinzi wake unaona kuna mtu anayepoteza kitu.

Najua wapo watakaonipinga, na wengine tayari wamenipinga darasani. Nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza wanasema picha hailipi karo. Askari wanataka mishahara mizuri, viatu visivyoingia maji, na bima ya watoto wao. Nakubali kabisa, na mtu asije akadhani nasema picha ziwe badala ya mshahara. Lakini si kweli kwamba picha haizai kitu. David Shepherd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1931, alikuja Kenya mwaka wa 1949 akitaka kazi ya kulinda wanyama. Alikataliwa, akarudi kwao akajifunza uchoraji. Mwaka wa 1960 wanajeshi wa anga wa Uingereza walimwomba awachoree mnyama, na picha yake ya kwanza ya mwituni ikawa ya kifaru anayefukuza ndege uwanjani. Baadaye picha zake zilinunuliwa kwa pesa nyingi, na mwaka wa 1984 alianzisha shirika lake la kusaidia uhifadhi, ambalo bado linafanya kazi ingawa yeye alifariki mwaka wa 2017. Yaani mtu aliyenyimwa kazi ya kulinda wanyama alikwenda akawatumikia walinzi kwa brashi. Kama si sanaa, angewasaidia kwa nini?

Wa pili wanasema hawa askari si malaika. Wapo wakali kupita kiasi. Wakati wa kiangazi mchungaji akifuata nyasi akavuka ua, anaweza kupigwa na ng'ombe wake kukamatwa. Na katika kiangazi kile kibaya cha mwaka wa 2022 mifugo mingi ilikufa kaskazini na hata huku kwetu. Mwenzangu mmoja ambaye baba yake ni mfugaji aliniuliza, "Kwa hivyo kifaru ana thamani kuliko ng'ombe wetu na sisi wenyewe?" Swali hilo sikulicheka. Lina uchungu wa kweli, na mtu anayepiga wachungaji asitetewe na picha yoyote. Lakini nilimjibu hivi. Ukuta wenye kifaru peke yake ndio unaokuambia kwamba wewe huhesabiwi, kwamba hii ni biashara ya watalii na wenye hifadhi. Ukimchora pamoja na mlinzi aliyezaliwa Nanyuki, au Doldol, au Rumuruti, mwenye mama anayemngoja na ng'ombe wake wawili nyumbani, jambo linakuwa letu. Hapo unaweza hata kumdai, ukamwambia, "Ndugu, sisi tunakuheshimu, nawe utuheshimu."

Wa tatu alinishinda nguvu kidogo, maana ni mjomba mwenyewe. Nilipomwambia nataka kuwachora yeye na wenzake, alikataa. Akasema, "Wewe chora, lakini sura yangu usichore. Hao watu wa pembe si wageni. Wengine tunanunua nao mkate duka moja." Sikuwa nimeliwaza hilo. Mlinzi aliye hai akionyeshwa uso wake ukutani, jangili naye anauona. Nilikaa na jambo hili wiki nzima nikidhani makala yangu yamekufa.

Kisha nikatambua kwamba kumheshimu mtu ni pamoja na kumuuliza anataka aheshimiwe vipi. Anayekubali jina na sura yake vionekane, kama yule Wachira, na achorwe waziwazi. Asiyekubali, chora mgongo wake, chora kabuti lake, chora viatu vyake vilivyoliwa na mawe, chora mkono ulioshika daftari la vifaru. Aliyekufa, waulizwe watu wake. Kule Nairobi, katika makao makuu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kuna mnara wa kumbukumbu wenye majina ya askari waliokufa kazini. Ni vyema sana, na Mungu awabariki waliouweka. Lakini majina pekee kwenye jiwe hayamtoshi mtoto anayetaka kukumbuka baba yake alitabasamu vipi. Hiyo ni kazi ya msanii.

Sasa basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, ule ukuta wetu karibu na lango, ulioandikwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya walimu, upakwe chokaa na upewe wenzetu wa Chama cha Sanaa. Wamchore kifaru mweusi, mdomo wake uliochongoka, masikio yake yenye alama, na kando yake, si nyuma kabisa, wamchore mlinzi. Kabla ya kuchora wamwalike askari mmoja aje awaeleze makosa, wasije wakaaibika kama nilivyoaibika mimi.

Pili, sisi wa Chama cha Kiswahili tuna kalamu. Tarehe 31 Julai ya kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka walinzi wa wanyama duniani, na imeadhimishwa tangu mwaka wa 2007. Huwa bado tuko shuleni. Washairi wetu, ambao mwaka mzima huandika juu ya mapenzi na chakula cha mchana, watunge mashairi ya kuwasifu walinzi, na yasomwe kwenye gwaride. Kiswahili tangu kale ni lugha ya kusifu mashujaa. Au mashujaa ni wale tu waliokufa zamani wakiwa na mikuki?

Tatu, kila familia inayotaka ipewe picha. Tunao wachoraji hodari katika shule hii wanaochora wanamuziki na wachezaji wa mpira kwenye majalada ya madaftari, na baadhi yao nawatabiria kuchora matatu wakimaliza shule. Mchoraji mmoja kwa mlinzi mmoja. Achore kwa penseli, aiweke kwenye fremu, amkabidhi mama au mke. Mlinzi akirudi salama, wataicheka pamoja. Na lisilotakikana likitokea, familia haitakuza picha ya kitambulisho.

Mimi mwenyewe nimeshaanza. Likizo iliyopita nilimchora mjomba kutoka nyuma, amekaa juu ya jiwe na kabuti lake, anamtazama kifaru aliye mbali kwenye nyasi. Sikuweka mlima. Masikio ya kifaru niliyauliza kwanza, nikaambiwa alama zake, nikaziweka. Mjomba alipoiona hakusema "Huyu ni nani?" Alilitaja jina la yule kifaru mara moja. Kisha akaiambia mama yangu, "Hata kabuti ni langu, ona kifungo kimekosekana." Mama aliichukua akaiweka pale ukutani, juu ya televisheni, na wiki iliyofuata akanunua kifungo.

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, chanda chema huvikwa pete. Vidole hivi vimemlinda kifaru mpaka akafika kwenye sarafu zetu. Shime, Chama cha Sanaa, chokaa mtaipata kwa fundi wa shule, na askari wa kuwakosoa nitamleta mimi. Nimemuuliza tayari. Amekubali, mradi aje siku ambayo hayuko zamu.